Nilivyopeleka Masikio Yasiyoonekana Kamina

Nilikwenda Kamina kwa sababu patron wangu alisoma karatasi. Wasomaji wangu wa Lubumbashi mnanijua: mimi ni Feza, yule mama wa duka la vifaa vya kusikia, anayepaza sauti kutwa nzima kwa sababu ndiyo kazi yake. Patron alikuwa amerudi kutoka maonyesho ya biashara huko ng'ambo na begi zima la karatasi zinazong'aa. Akatukusanya wafanyakazi wote, yaani mimi na mlinzi, akatuhutubia.

"Feza, soko ilibadirika," akasema. "Bile bintu bikubwa bya zamani bilikwisha. Leo bantu banapenda appareil yenye haionekane, ya kuchaji sawa simu, ya kuongoza na simu, na ndani iko na akili ya mashini yenye kuondosha makelele na kuacha maneno. Afrika iko inalala. Siye njo tutaiamusha."

"Na mishahara yetu, nayo itaamuka?" mlinzi akauliza.

Patron hakulisikia swali hilo, ingawa masikio yake nimeyapima mwenyewe na ni mazima kabisa.

Wiki hiyohiyo ombi likatufikia kutoka Kamina. Mwalimu Marthe Ngoie, anayefundisha darasa la tatu katika shule ya Wamethodisti, alikuwa anapoteza usikivu. Nilikuwa nimempima kiangazi kilichotangulia, alipokuja Lubumbashi kwa mkutano wa kanisa, nikaona masikio yote mawili yamechoka. Sasa wazazi walikuwa wamelalamika kwa mkurugenzi wa shule kwamba mwalimu hasikii watoto, na mkurugenzi akawa amemwita inspekta aje kumtazama akifundisha. Inspekta akiandika kwamba mama huyu hawezi tena, unga umemwagika. Mume amekwisha kufa, wajukuu wamejaa nyumbani, na kazi nyingine hajui. Akina mama wa kanisa wakachanga, wakatuma mchango wao dukani, na wakaomba jambo moja: mtu aje mwenyewe kumvalisha kifaa na kukirekebisha kabla ya Jumatatu ya inspekta.

Patron aliona mkono wa Mungu na mkono wa soko kwa pamoja. Akafunga sanduku kwa mikono yake. Juu akaweka jozi ya Mwalimu, vidude viwili vya rangi ya karanga, kila kimoja na ukubwa wa karanga. Kando yake akaweka jozi nyingine ya namna hiyohiyo, ya maonyesho, ambayo sikuruhusiwa kuiuza bila ruhusa yake, ila kuwatamanisha watu tu. Chini kabisa akatupia vifaa vichache vya zamani, vile visanduku vya kuvaa kifuani vyenye waya mrefu unaopanda mpaka sikioni, vilivyokuwa vinakula vumbi dukani tangu nilipokuwa sina mvi. "Bile utaacha ku mission yoyote," akaniambia. "Binatuletea haya."

Kwenye gari la moshi nilikaa karibu na mama mmoja mfanyabiashara wa mafuta ya mawese, mwenye madumu yaliyofika hadi magotini mwangu. Safari ya Kamina kwa treni mnaifahamu. Treni inaondoka inapotaka, inasimama inapotaka, na hakuna anayeulizwa. Tulipokuwa tumesimama mahali pasipo na jina nikaamua kujaribu jozi ya maonyesho masikioni mwangu, ili nikifika niiseme vizuri ile akili ya mashine.

Akili ya mashine ikasikiliza behewa letu kwa makini. Watoto walikuwa wanalia, mhubiri alikuwa anahubiri, wanaume wawili walikuwa wanagombania kiti, kuku walikuwa chini ya kiti hichohicho. Ikapima yote hayo, ikaamua kwamba ndani ya behewa lile hakuna hata mtu mmoja anayesema neno, na ikatuzima sote. Nikabaki kwenye kimya kitamu sana.

Nilipomweleza jirani yangu, akacheka mpaka madumu yakatikisika. "Bon, mama, kama ilinyamazisha ule muhubiri, ile kintu iko na akili vraiment," akasema. "Lakini muntu wa kiziwi, ukimupa kimya, unamupa nini? Si alikuwa nayo tayari?"

Nikavitoa masikioni nikajifanya nimelala.

Kituo cha Kabondo-Dianda tulikifikia mchana, na akina mama wakaja madirishani na samaki waliokaushwa kwa moshi. Hapo kila mtu anapiga kelele na kila mtu anaelewana. Mimi nilinunua samaki wangu kwa kuonyesha vidole, kama wateja wangu wanavyonunua maisha yao yote, na nikaona kwamba inawezekana kabisa, ila unapata wale samaki ambao wengine wamewakataa.

Kamina tukashuka jioni, miguu ikazama kwenye mchanga. Mji huu una njia za reli nyingi na mchanga mwingi zaidi, na mtu mwenye sanduku la magurudumu hujuta mapema. Waliokuja kunipokea walikuwa wawili. Mmoja ni Mwalimu Marthe, mwembamba, mwenye kitambaa cheupe kichwani na macho yasiyotoka mdomoni mwa mtu anayesema naye. Wa pili ni kiongozi wa akina mama wa kanisa, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, ambaye mji mzima unamwita Mama Prezida. Yeye ndiye aliyekuwa amezunguka nyumba kwa nyumba kukusanya ule mchango.

"Karibu, mama wa masikio!" Mama Prezida akaniita, na watu wote wa kituo wakageuka.

Nyumbani kwa Mwalimu, kabla hata ya maji ya kunawa, nikafungua sanduku. Nikampachika kimoja upande huu, kimoja upande ule, nikatoa simu yangu, nikaongeza hapa, nikapunguza pale, nikaizima ile akili ya mashine maana nilikuwa nimeshaijua tabia yake. Mwalimu akakaa, mikono juu ya magoti.

"Ni nani anapumua hapa?" akauliza ghafla.

"Ni weye, Mwalimu," nikamwambia, kwa sauti ya kawaida.

Akanitazama. Sikuwa nimemsogelea, wala sikuwa nimepaza sauti, na alikuwa ameinamisha uso nilipoanza kusema. Nje mtu alikuwa anapepeta mchele, na yeye akageuza kichwa kuufuata mlio ule. Kisha akatembea chumbani, akisikiliza kandambili zake mwenyewe. Akalia, nami nikalia. Nimeiona hali hiyo mara nyingi na bado hunivunja kila mara, na anayedhani ninauza vyuma tu hajawahi kukaa kwenye kiti changu.

Mama Prezida hakulia. Alikuwa anamzunguka Mwalimu, anachungulia sikio la kulia, anachungulia la kushoto, anarudi la kulia.

"Mama Feza," akasema mwishowe. "Iko wapi?"

"Iko ndani."

"Minyi sioni kintu."

"Njo ile!" nikasema, kifua mbele, kama vile nimekitengeneza mimi. "Haionekane! Hata muntu akimusimamia pembeni, hataona."

Nilingoja sifa. Mama Prezida akakaa kwenye kiti polepole, uso umekunjamana. "Sasa bamama bote benye balitoa," akauliza, "tutabaonyesha nini?"

Jumamosi umeme haukuwapo, na vidude vile vinavyochajiwa kama simu vikawa vimechoka kama simu. Tukavipeleka kwa bwana mmoja pale sokoni mwenye paneli za jua na meza iliyojaa simu za mji mzima. Akaviweka katikati ya simu hizo, akampa Mwalimu kipande cha boksi chenye namba. Mwalimu hakutaka kuondoka, kwa hofu ya kuibiwa. Akaketi siku nzima juu ya kigoda kando ya meza, haelewi anachoambiwa na wapita njia, akiyalinda masikio yake yanayokunywa jua.

Jumapili ikafika, na hapa lazima nieleze desturi ya hawa watu, kwa sababu balaa lote lilitoka hapo. Katika kanisa lile, kitu kilichonunuliwa kwa mchango hakiendi nyumbani kwa mtu kabla hakijaonyeshwa mbele ya wote. Waliponunua ngoma za kwaya, zilipigwa moja moja. Waliponunua baiskeli ya mchungaji, mchungaji aliiendesha kati ya mabenchi mpaka mbele, na akina mama wakaugusa usukani. Si kwamba hawaaminiani. Mtu aliyetoa karanga zake ana haki ya kuona karanga zake zimekuwa nini, na mimi kwa hilo siwalaumu.

Mama Prezida akamwita Mwalimu mbele, akatangaza kwamba mchango umefika, na hii hapa kazi yake. Watu wakanyoosha shingo. Wakamwona Mwalimu Marthe yuleyule, masikio yaleyale.

"Tunaona hapana!" mzee mmoja akasema kutoka nyuma.

"Iko ndani ya masikio!" Mama Prezida akajibu.

"Hata malaria iko ndani," mzee akasema. "Batuonyeshe."

Nilisimama kueleza. Niliwaambia kwamba ulimwengu mzima sasa hivi unatafuta kifaa kisichoonekana, na kwamba Kamina imepata bahati ya kuwa mbele. Waliniangalia kwa huruma. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniuliza kwa adabu: "Mama, ukiuza ngombe yenye haionekane, kwenu banalipaka?"

Mwalimu akaona aibu inakaribia kumfika Mama Prezida. Akavitoa vyote viwili, akaviweka kwenye kisahani, na kisahani kikaanza safari. Kilipita benchi hadi benchi, mkono hadi mkono. Kila mtu alikishika kidude, akakisogeza machoni, akakiweka sikioni mwake ajaribu, akapiga kelele kwa furaha, akampa mwenzake. Nilikimbia nyuma ya kisahani kama mama anayefuata mtoto anayejifunza kutembea, lakini mabenchi yalikuwa yamejaa na mimi si mwembamba.

Mbele ya kanisa palikuwa na sadaka za vyakula: mahindi, muhogo, chupa za mawese, beseni kubwa la karanga. Sadaka hizo zilikuwa zinauzwa papo hapo kwa anayetaja bei ya juu, kama kawaida yao, na mnada ulikuwa umekwisha kuanza huku kisahani kikiendelea kuzunguka. Kisahani kikafika mbele, kikapita juu ya beseni, mkono wa mtu ukagongwa na mkono wa mwingine. Kilipofika kwangu kilikuwa na kidude kimoja.

Kile cha pili kilikuwa kimeingia ndani ya karanga, rangi moja na karanga, ukubwa mmoja na karanga. Tukaenda kulitafuta beseni. Karanga zilikuwa zimekwisha kuuzwa, zikamiminwa kwenye mfuko, na mnunuzi amekwisha kushika barabara ya Kabondo-Dianda kwa baiskeli yake. Patron alitaka kifaa ambacho hakuna atakayekiona. Alikuwa amekipata.

"Usiogope, mama," mama yule mwenye mtoto mgongoni akanifariji, akinionyesha kidude kilichobaki. "Hii tuliitunza muzuri. Ilikuwa na buchafu ya masikio ya bantu, minyi nikaisafisha na maji na sabuni."

Alikuwa amekisugua kwa moyo wote. Nikakiweka sikioni mwangu. Hakikutoa mlio wowote.

Jioni ile nyumba ya Mwalimu ilijaa watu waliokuja kumpa pole. Mama Prezida alikuwa amekaa chini, kanga usoni, analia waziwazi. "Minyi njo niliua kazi yake," alikuwa anarudia. "Minyi na mudomo wangu." Mwalimu hakuweza kumsikia, lakini aliyaona mabega yake, akaenda kukaa karibu naye akamshika mkono. Kesho yake asubuhi inspekta angekuja.

Mimi nilikuwa nimefikia uamuzi, na uamuzi wenyewe ulikuwa wa kunifukuzisha kazi. Ningempa jozi ya maonyesho. Nikalivuta sanduku, nikaanza kutoa vitu, vile visanduku vya zamani nikavitupa sakafuni visinizibie nafasi, na nilipoinua kichwa na jozi ile mkononi, nikamkuta Mwalimu ameokota kisanduku kimoja. Alikuwa anakigeuzageuza. Kina swichi moja ya kuwasha na gurudumu la kuongeza sauti, na kinakula betri za kawaida, zile za tochi ndogo zinazouzwa katika kila kibanda cha Kamina.

"Hii njo nini?" akauliza.

Nikamwonyesha kwa ishara za mikono kwamba hiyo ni takataka, ni ya zamani, achukue hii nzuri. Akakataa kwa kichwa. Akaingiza waya sikioni mwenyewe. Nikatia betri, nikawasha.

"Mwalimu," nikasema, "ile ni kubwa. Itaonekana. Inspekta ataona uko kiziwi kabla ufungue mudomo."

Alinisikia. Nilijua kwa jinsi alivyofumba macho.

"Mama Feza," akasema, "minyi nilishakujificha, nikachoka. Benzangu bakicheka, ninacheka, sijue ni juu ya nini. Mutoto anajibu, ninamusifu très bien, na sikusikia ata neno. Pengine alisema bongo, alikosa kabisa, minyi nikamuambia très bien. Ile ya kujificha, peleka kwa benye beko na nguvu bado. Minyi unipe hii."

Mama Prezida alikuwa ameondoa kanga usoni. Akakitazama kile kisanduku kilichokaa kifuani mwa Mwalimu, ule waya, ile taa nyekundu. Uso wake ukafunguka wote.

"Njo ile!" akapaza sauti. "Hii, ata muntu wa benchi ya nyuma ataona!" Na papo hapo akatafuta kipande cha kitambaa cha kwaya, akakishonea mfuko wa kukining'iniza.

Jumatatu asubuhi nilikaa nyuma ya darasa la tatu, kando ya mkurugenzi wa shule. Inspekta alifika na suti ya rangi ya kijivu, kalamu mfukoni, na uso wa mtu aliyekwisha kuandika kabla ya kuona. Alikiangalia kisanduku kile kifuani mwa Mwalimu, akaandika neno.

Mwalimu akawageukia watoto. "Batoto," akasema, "masikio ya Mwalimu inachoka. Hii njo sikio yangu mupya. Mukisema bote pamoja, inachanganyikiwa. Sasa, muntu anasimama, ananiangalia, anasema hapa. Mumoja, mumoja."

"Ndiyo, Mwal..." darasa zima likaanza kwa sauti moja kama lilivyozoea, likajikata. Kisha msichana mmoja akasimama, akakitazama kisanduku, akakiambia kwa heshima zote: "Ndiyo, Mwalimu."

Sijawahi kuona darasa kama lile. Mnajua shule zetu, watoto wanaimba majibu pamoja, na asiyejua anafungua mdomo tu na wimbo unambeba. Siku ile hakukuwa na wimbo wa kumbeba mtu. Kila mtoto alisimama na jibu lake, na aliyekosa alijulikana, na Mwalimu akamrudishia swali taratibu mpaka akapata. Inspekta alianza kugeuza kalamu mkononi.

Akaingia mwenyewe katika kuuliza. Akamnyooshea kidole msichana mdogo wa mbele, ampe majina ya mito ya nchi yetu.

"Lomami," mtoto akasema.

"Pardon?"

"Lomami, Monsieur."

"Pardon? Sema nguvu!"

Mtoto akavuta pumzi, machozi yameshamkaribia. Mwalimu akasogea hatua moja. Alisimama mahali ambapo inspekta angeuona uso wake vizuri, na akasema polepole, midomo yake ikifunguka kwa kila neno: "Anasema Lomami, Monsieur l'inspecteur. Iko bien. Endelea, mwana."

"Na Lualaba," mtoto akasema.

Inspekta hakumtazama mtoto. Alimtazama Mwalimu.

"Na Lualaba," Mwalimu akamwambia.

Nikajua. Macho yale ya inspekta, yaliyoganda mdomoni mwa mtu, ninayaona kila siku dukani. Baada ya mito zikaja hesabu, baada ya hesabu vikaja viungo vya mwili, na kila jibu Mwalimu alilirudia kwa upole kwa ajili ya mgeni, bila kumwaibisha, kama vile ndivyo masomo yanavyofundishwa siku zote. Mkurugenzi aliangalia dari. Hakuna mtoto aliyecheka. Inspekta akafunga karatasi zake, akasema kwamba ripoti ataandika kwake, akaondoka bila kumwambia Mwalimu lolote.

Tukabaki hapo, hatujui. Mama Prezida alisali mpaka sauti ikamkauka. Mwalimu akaenda kupika.

Siku ya kurudi nilikuwa kituoni mapema, na treni, kwa adabu yake, haikuwapo. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku langu, nina hasira na dunia nzima, nilipoona mtu amesimama mbele yangu na kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Ni inspekta.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "uko na ile ingine? Yenye haionekane?"

Hasira ikanipanda. Nikamwambia, nikimsogelea ili asome midomo yangu vizuri: "Papa, weye ulikuja kufukuza mama wa bantu juu ya bugonjwa yenye weye mwenyewe uko nayo!"

"Nilisaini asubuhi," akajibu. "Apte. Anabakia mu classe yake. Tena niliandika mashule yote ya hapa bafuate méthode yake, batoto basimame mumoja mumoja." Akakohoa. "Na baseme nguvu."

Sikujua nicheke au nimkumbatie. Hasira ikaniishia mwilini. Nikamuuliza kwa nini basi anataka ya kujificha, baada ya kuyaona yale ya darasani.

"Mwalimu, batoto banamupenda," akasema. "Inspecteur, banamuogopa. Bakijua niko kiziwi, ni nani ataniogopa? Muntu hapana anajua, mama. Ata bibi yangu hajue."

Nikafungua sanduku. Patron na amri zake nikawaweka kando. Nikampachika vidude viwili masikioni, nikarekebisha kwa simu, nikamwambia angoje kidogo. Vikakaa vizuri. Hata mimi nilipomtazama kwa pembeni sikuviona, na nikakiri moyoni kwamba watu wa ng'ambo kazi yao wanaijua.

Nyuma yake, mbali kidogo, wapakiaji wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia.

"Angalia pale," mmoja akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, kama mtu anavyosema mbele ya ukuta. "Bwana Pardon anatafuta nini kwa ule mama wa masikio?"

"Pengine leo njo atasikia," mwenzake akasema.

Inspekta akageuka polepole sana. "Nani ni Bwana Pardon?" akauliza.

Wapakiaji wakasimama wima. Ningetoa mshahara wa mwezi nimwokoe mmojawapo, yeyote kati yao watatu. Mmoja akajifanya anafunga gunia, na jibu likawa limekwisha kutolewa.

"Bananiita vile tangu lini?"

"Eyo, vidye," yule wa kwanza akamwitikia bwana mkubwa kwa Kiluba, kichwa chini. "Tangu ulifika Kamina."

"Na bibi yangu? Naye anajua?"

"Papa," mpakiaji akasema kwa unyonge, "ni yeye njo alianzisha."

Inspekta akasimama pale mchangani. Akavua kofia. Nilidhani atalia, na labda alilia kidogo, lakini kilichomtoka kilikuwa kicheko, cha mtu aliyebeba gunia njia nzima na kuambiwa mlangoni kwamba hakuna aliyeliagiza. Akavitoa vile vidude masikioni, akavirudisha mkononi mwangu kwa uangalifu.

"Mama Feza," akasema, "ile kubwa ya Mwalimu. Ulibakisha ingine?"

Nilikuwa nimebakisha. Nikamvalisha kisanduku juu ya suti, nikatia betri, nikawasha taa nyekundu. Wapakiaji wakakitazama kwa muda. Kisha yule wa kwanza akasogea, akasimama mbele yake, akainama kidogo kuelekea kifuani, na akasema taratibu: "Bonjour, Monsieur l'inspecteur."

"Bonjour," inspekta akajibu. Hakusema pardon.

Lubumbashi patron alinipokea na swali moja tu: soko la Kamina likoje. Nikamwambia lipo, na limeamka kabla yetu. Nikamweleza kwamba wanataka kifaa kikubwa, chenye waya, ikiwezekana chekundu, na akafikiri nimepigwa na jua. Sikumweleza nililojifunza, maana halipo kwenye karatasi zake. Uziwi wa Mwalimu Marthe mji wote ulikuwa unaujua, na wa inspekta vilevile. Hakuna aliyehitaji kufichwa jambo hilo. Watu walikuwa wanangoja tu kuonyeshwa pa kusemea.